Semina, jumuiya ya walimu au uchunguzi wa kijijini: ulinganisho wa njia tatu za kumwandaa mwalimu wa sayansi kwa ajili ya haki ya jamii

Katika miteremko ya Mlima Meru na vijiji vingi vya Bonde la Ufa, mwanafunzi huja darasani akiwa amebeba swali la kemia mdomoni. Meno yake yana madoa ya kahawia kwa sababu tangu utotoni amekunywa maji ya ardhini ambayo yameyeyusha fluoridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Mwalimu wake anaweza kumfundisha alama ya fluorini na nafasi yake katika jedwali la elementi, akafaulu mtihani, na swali lile lisiguswe hata mara moja. Mwalimu huyohuyo anaweza pia kumwongoza kuuliza kwa nini kitongoji kimoja kimepelekewa maji ya chemchemi yenye fluoridi kidogo na cha jirani bado kinategemea kisima, ni nani aliyeamua kwamba kiwango fulani ni salama, na familia isiyo na fedha ya chujio ifanye nini leo jioni. Ufundishaji wa namna hii ya pili ndio unaotumia sayansi kwa ajili ya haki ya jamii, nao hauji wenyewe: unahitaji mafunzo.

Makala haya yanawalenga wale wanaopaswa kuamua mafunzo hayo yafanyike vipi, yaani wakuu wa shule, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, maafisa elimu wa kata na wilaya, na mashirika yanayofadhili. Mara nyingi wanajikuta mbele ya njia tatu, kila moja ikiwa na watetezi wake, na fedha zinatosha moja tu. Nitatumia mfano wa maji ya fluoridi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu njia zikipimwa kwa tatizo moja tofauti zake huonekana wazi zaidi kuliko zikisifiwa kila moja kwa mfano wake.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni semina ya ngazi kwa ngazi. Wawezeshaji wachache hufundishwa katika ngazi ya taifa, wao huwafundisha wenzao wa wilaya, na hao huwafikia walimu. Kenya iliutumia muundo huu katika mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani ili kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, na uliopanuliwa nchi nzima kuanzia mwaka 2003. Tanzania inaufahamu tangu zamani zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwaandaa kwa semina fupi viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na hao wakawaongoza watu wazima wapatao milioni 2 kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo. Anayedhani kwamba semina ni jambo la posho na chai tu na aikumbuke kampeni hiyo.

Ya pili ni jumuiya ya kujifunza ndani ya shule. Walimu wa shule moja, au wa shule chache za jirani, hukutana mara kwa mara, huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha huku wengine wakiangalia, kisha hulijadili na kulirekebisha. Japani ina desturi ndefu ya kufanya hivyo. Nchini Tanzania, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wengi wanaujua kwa jina la MEWAKA, umeziweka jumuiya za namna hii katika utaratibu rasmi wa shule.

Ya tatu ni uchunguzi shirikishi. Walimu hawapewi somo la kuigiza, bali wao wenyewe huungana na wanakijiji kuchunguza tatizo lililopo, na ujuzi wa kufundisha hupatikana humo humo. Mbinu hii ina mizizi Tanzania pia: katika miaka ya 1970, mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ambao Marja-Liisa Swantz alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, uliwachukulia wanakijiji kuwa watafiti wenza badala ya kuwa watu wa kuhojiwa. Mradi ule ulihusu utamaduni na maendeleo, si kemia wala biolojia, lakini swali lake la msingi, la nani ana haki ya kuuliza, ndilo tunalokutana nalo hapa.

Kuna na kozi za vyuo na za mtandaoni. Sijaziweka katika shindano hili kwa sababu zinampa mwalimu maarifa na cheti bila kuamua atashirikiana na nani akirudi kazini, na kwa hiyo zinaweza kuambatana na njia yoyote kati ya hizi tatu.

Vigezo

Nimechagua vigezo vitano: swali la somo linatoka kwa nani; sayansi inayofika darasani ni sahihi kiasi gani; muda na fedha zinazohitajika, pamoja na namna mafunzo yanavyopatana na mitihani; usalama na heshima ya mwalimu, mwanafunzi na familia; na kinachobaki baada ya mwezeshaji kuondoka. Vigezo hivi havina uzito sawa. Kwa maoni yangu cha kwanza na cha nne ndivyo vinavyotofautisha mafunzo ya haki ya jamii na mafunzo mengine ya sayansi, na hivyo nitakaa navyo zaidi.

Swali linatoka kwa nani

Katika semina, swali huandikwa kwenye kitabu cha mwezeshaji kabla mshiriki hajapanda basi. Jambo hili si baya daima. Lipo tatizo linalofanana katika wilaya nzima, na si lazima kila kata igundue upya kwamba fluoridi huzidi. Faida kubwa ya swali lililoandaliwa na wataalamu ni kwamba linaweza kuwa na kina ambacho mwalimu mmoja asingekifikia. Mfano mzuri ni swali la kiwango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza fluoridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa vichache na kusafisha kulikuwa ghali, na baadaye viwango vikashushwa hadi 1.5. Mwanafunzi anayepewa namba hizo mbili na kuulizwa mwili wa mtoto wa kijijini ulitofautiana vipi na wa mtoto wa nchi nyingine, anagundua kwamba kiwango ni matokeo ya sayansi na pia ya bajeti. Somo kama hilo linahitaji mtu aliyesoma historia ya viwango, na semina ndiyo mahali pepesi pa kumpata.

Jumuiya ya walimu huuliza maswali yaliyo karibu zaidi na darasa. Walimu wanajua kwamba mada ya ugumu wa maji imo katika muhtasari wa kemia na kwamba wanafunzi huchanganya maji magumu na maji yenye fluoridi, hivyo swali lao huwa: tutaingilia wapi bila kuiharibu ratiba? Udhaifu wake ni kwamba walimu wengi si wenyeji wa kijiji wanakofundisha. Anayepangiwa kituo kutoka mkoa mwingine, akaishi katika nyumba ya shule yenye tangi la maji ya mvua, anaweza kukaa miaka mitatu bila kujua bei ya ndoo ya maji safi upande wa pili wa barabara.

Uchunguzi shirikishi ndio unaoleta maswali ambayo mtaalamu hakuyawazia. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kituo cha utafiti kilicho chini ya wizara inayohusika na maji kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kuondoa fluoridi kwa mkaa wa mifupa. Kikemia, njia hiyo inaeleweka vizuri. Lakini mifupa ikitajwa katika mkutano wa kijiji, swali la kwanza huwa ni mifupa ya mnyama gani. Kwa Mwislamu, na kwa wengine wenye miiko ya chakula, swali hilo linaamua kama chujio litatumika au litageuzwa kuwa kiti cha kuku. Mwalimu aliyelisikia kwa masikio yake hataliita ushirikina anapofundisha, na ataona kwamba linajibika: mtengenezaji anaweza kuonyesha mifupa imetoka machinjio gani.

Usahihi wa sayansi

Hapa mambo hugeuka, na watetezi wa njia za karibu na jamii hawapendi kulisikia.

Semina huanza na sayansi iliyo sahihi kuliko zote, kisha huipoteza njiani. Niliwahi kuhudhuria ngazi ya tatu ya mafunzo ya aina hii. Kitabu kilisema kwamba kuchemsha maji hakuondoi fluoridi. Mwezeshaji, aliyefundishwa wiki mbili kabla na mtu aliyefundishwa mwezi mmoja kabla, aliandika kwenye bango kitita: "Maji ya fluoridi yachemshwe na kuchujwa." Walimu 40 waliinakili sentensi hiyo. Haikuwa uzembe wa ajabu, kwani ujumbe wa kuchemsha maji umetangazwa kwa miaka mingi kwa ajili ya vijidudu, na kwa vijidudu ni ujumbe sahihi. Mwalimu mmoja aliyekaa nyuma alichukua kalamu rashia akapiga hesabu ifuatayo: lita 2 za maji yenye miligramu 3 kwa lita zina jumla ya miligramu 6, yakichemka hadi zibaki lita 1.5, miligramu ni zilezile 6, na sasa kila lita ina 4. Kuchemsha kumeongeza ukolezi. Bango lilifutwa, lakini ningependa kujua katika kumbi nyingine nani alikaa nyuma.

Jumuiya ya walimu ina nafasi nzuri ya kurekebisha makosa ya namna hiyo kwa sababu watu wanajuana na wanaweza kubishana bila haya. Hata hivyo shule nyingi zina mwalimu mmoja tu wa kemia, au hazina hata mmoja. Jumuiya ya watu wanne wenye kosa moja hulikubali kwa kauli moja. Dawa yake si ngumu: shule mbili au tatu ziungane, na mtu mmoja kutoka maabara ya maji au chuo awe anapigiwa simu pale ubishi unapokosa mwamuzi.

Uchunguzi shirikishi unadai nidhamu kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fluoridi haionekani, haina harufu, na maabara ya kawaida ya sekondari haina kifaa cha kuipima. Sampuli lazima ipelekwe kwenye maabara ya maji. Sampuli hiyo huchukuliwa kwa chupa safi ya plastiki, kwa kuwa fluoridi inaweza kuathiriana na kioo, na chupa huandikwa jina la chanzo, tarehe na saa kabla ya kuondoka bombani. Kipimo kimoja cha mwezi Oktoba hakisemi lolote la uhakika kuhusu mwezi Aprili. Kikundi kilichochukua sampuli moja, kikapata namba kubwa na kuitangaza kwa hasira, kinaweza kukanushwa na mhandisi yeyote kwa sampuli ya pili, na aibu hiyo huwarudia wanakijiji waliokiamini. Kwa upande mwingine, vipo vitu ambavyo wanafunzi hupima vizuri kuliko maabara: idadi ya ndoo kwa siku, nani huteka, dakika za foleni, bei, na kama familia hutumia magadi kulainisha maharage, jambo ambalo si dogo kwa sababu magadi ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na fluoridi nyingi yenyewe.

Suala la lugha linaingia hapa. Mwalimu wa sekondari Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiingereza na vitabu vya semina mara nyingi huwa katika lugha hiyohiyo. Akisimama mbele ya kamati ya maji hujikuta hana neno la kueleza ukolezi, wala tofauti ya kuyeyuka na kuchanganyika. Semina ikiendeshwa kwa Kiswahili hutatua nusu ya tatizo hilo kwa siku moja. Uchunguzi wa kijijini hulitatua lote kwa kulazimisha. Jumuiya ya walimu hulitatua iwapo tu itaamua kulishughulikia.

Muda, fedha na mitihani

Semina ni ghali kwa siku na nafuu kwa kila kichwa. Kuna nauli, posho ya kujikimu, ukumbi na chakula, lakini ndani ya mwezi mmoja wilaya nzima imefikiwa, na ripoti yake huandikika kwa urahisi, jambo ambalo mfadhili hulipenda kuliko anavyokiri.

Jumuiya ya shule inahitaji fedha kidogo sana na kitu adimu zaidi, yaani saa moja au mbili kwenye ratiba, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, ambazo mkuu wa shule hatazinyang'anya. Inapatana na mitihani kuliko nyingine zote, kwa kuwa somo linaloandaliwa ni lilelile lililomo kwenye azimio la kazi.

Uchunguzi shirikishi unadai angalau kiangazi kimoja na masika moja, gharama za maabara, nauli za kurudi kijijini mara nyingi, na subira ya wazazi wenye mtoto wa kidato cha nne. Ni rahisi zaidi kuufanya na wanafunzi wa vidato vya chini, au na walimu wanafunzi chuoni. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi umeingiza huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo ya sekondari ya juu, na hivyo mwalimu wa huko ana mlango rasmi wa kupitishia kazi ya namna hii.

Usalama na heshima

Kigezo hiki hutajwa mwishoni katika mipango mingi na ndicho kinachoharibu mipango mizuri.

Hatari ya semina humwangukia mwanafunzi. Zoezi lililobuniwa mbali na darasa linaweza kuonekana zuri kwenye karatasi: "Wanafunzi wahesabiane wenye madoa ya meno na kuchora jedwali la marudio." Nililiona likitekelezwa katika shule ambayo sitaitaja. Wavulana walicheka na kuonyeshana. Msichana mmoja wa safu ya mbele alivuta shingo ya sweta hadi juu ya pua na hakuishusha mpaka kengele ilipolia. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, alifuata mwongozo. Somo lililokusudiwa kuonyesha dhuluma lilimgeuza aliyedhulumiwa kuwa kielelezo. Takwimu zilezile zingepatikana kwa kuchora ramani ya visima badala ya kuhesabu midomo, na jedwali la marudio lingechoreka vilevile kwa idadi ya kaya kwa kila chanzo.

Jumuiya ya walimu ni salama kuliko zote. Walimu wanawafahamu watoto na wangelikataa zoezi hilo mezani. Usalama wake, hata hivyo, unaweza kuwa ukimya: ni rahisi kwa kikundi cha watumishi wa umma kukubaliana kwamba mada fulani tuiache kwanza, na kwanza hiyo ikadumu hadi mwalimu astaafu.

Uchunguzi shirikishi hubeba hatari ya aina nyingine, kwa kuwa matokeo yake yanaweza kumgusa mtu mwenye nguvu. Kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa kwa madini ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kinaonyesha pande zote mbili. Vipimo vya damu na vya udongo ndivyo vilivyoyapa malalamiko ya wakazi uzito. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake alikutwa na madini hayo mwilini, aliongoza harakati hizo, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Lakini kabla ya hapo alikamatwa na kutishiwa. Mahakama iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mwalimu anayetaka kuwaingiza wanafunzi katika kazi ya uzito huo lazima ajue kwamba safari inaweza kuwa ndefu kuliko muda wao wa kukaa shuleni, na kwamba mtoto wa miaka 15 hapaswi kuwa mtia saini wa ripoti.

Tanzania nayo ilikuwa na kipindi, baada ya marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, ambapo kuchapisha namba zinazopingana na takwimu rasmi kuliweza kumfikisha mtu mahakamani, na marekebisho ya mwaka 2019 yakalegeza jambo hilo. Kwa fluoridi hali ni nyepesi, maana hakuna kiwanda cha kulaumiwa na serikali yenyewe inalitambua tatizo. Hata hivyo adabu inabaki ileile: afisa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji waelezwe mapema, wazazi waridhie, na matokeo yasomwe kwanza mbele ya wenye maji kabla ya kupelekwa kokote.

Kinachobaki

Semina huacha kitabu na kumbukumbu. Kitabu kikiwa kizuri hudumu. Nimekuta vijitabu vya kampeni za miaka ya 1970 vikiwa bado vimetunzwa makabatini. Jumuiya ya shule huacha mazoea, na mazoea hayo huvunjika siku mwalimu mwenye ari anapohamishwa. Uchunguzi shirikishi huacha uhusiano kati ya shule na kijiji, na uhusiano huo una madai yake. Mama mmoja tuliyemkuta bombani, akiwa ameinamia ndoo ya pili, aliwatazama wanafunzi na madaftari yao akamwuliza mwalimu: "Mwalimu, mkishapima mtarudi?" Mwalimu alisema ndiyo, na kuanzia hapo mradi haukuwa wa shule tena.

Inamfaa nani, kwa hali gani

Ukiwa afisa elimu mwenye shule nyingi na mtaala mpya wa kutambulisha, semina ndiyo itakayokufaa, kwa masharti mawili. Punguza ngazi ziwe mbili badala ya tatu, na kila ngazi ifanye jaribio lenyewe kwa mikono, hata kama ni sufuria moja na hesabu ya kuchemsha, ili ukweli usitegemee kumbukumbu ya mtu. Mazoezi yote yapitiwe kwanza na walimu wawili watatu wa darasani kwa swali moja tu: mtoto anayeathirika atajisikiaje akikaa katika somo hili?

Ukiwa mkuu wa shule yenye walimu wanne wa sayansi na bila fungu lolote, anza na jumuiya. Chagueni mada moja kwa muhula, mfano maji, na mwombeni mtu mmoja asiye mwalimu, labda mjumbe wa kamati ya maji, aketi nanyi katika kikao cha kwanza ili swali lisitoke ofisini peke yake. Andalio la somo mtakalolitoa mlijaribu kwenye mkondo mmoja kabla ya mwingine.

Ukiwa mwalimu pekee wa sayansi katika shule ya mbali, usijilaumu kwa kutokuwa na jumuiya. Wawili wa shule za jirani na simu zenye kifurushi wanatosha kuanza, na semina ikija ihudhurie kwa lengo la kupata namba za watu kuliko vyeti.

Chuo cha ualimu kina kitu ambacho wengine hawana, nacho ni muda. Wakufunzi wanaweza kuwapa walimu wanafunzi uchunguzi wa kijiji kimoja kwa misimu yote miwili, wakikosea na kusahihishwa kabla hawajakabidhiwa watoto wa watu. Hapa njia ya tatu ina nafasi nzuri kuliko mahali pengine popote, na ninashangaa kwamba vyuo vingi huishia kuwapeleka wanafunzi wao kufundisha kwa vitendo na kuwarudisha bila kuwafikisha kwenye bomba la kijiji.

Shirika lenye fedha za mwaka mmoja lisianzishe uchunguzi shirikishi peke yake. Fedha zitaisha kabla ya masika ya pili na wanakijiji ndio watakaobaki na namba nusu. Ni afadhali zigharimie maandalizi ya jumuiya za shule na ada za maabara za jumuiya zilizokwisha kujiunda.

Mahali penye mgogoro unaowaka, wa kiwanda, mgodi au ardhi, mwalimu asiwe wa kwanza kuingia. Jumuiya ya walimu ifundishe sayansi ya jambo hilo kwa utulivu, kwa mifano ya mahali pengine ambako hukumu zimeshatolewa, na vipimo vichukuliwe na watu wazima wenye msaada wa kisheria.

Na kwa waliokwisha kuchukua sampuli, wakaishiwa fedha, na sasa wanajiuliza wachague njia gani kwa mwaka ujao: majibu mliyonayo, hata yakiwa ya kisima kimoja na msimu mmoja, yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, yaelezwe mipaka yake, na mwalimu ayapeleke mwenyewe kwa yule mama na kamati yake ya maji kabla ya kikao cha kuchagua.